Kadari

Kadari ni itikadi ya Uislamu isemayo kwamba kila litukialo, la heri na la shari, limekwisha kutangulia katika ilimu na mapenzi ya Mwenyezi Mungu; nayo kwa Waislamu wa Sunni ni nguzo ya sita ya imani. Mjadala wake, ambao kiini chake ni vipi mja ahesabiwe kwa tendo alilokadiriwa, ulidhihiri Sham na Iraki mwishoni mwa karne ya 7. Wakadaria, na baada yao Muutazila, walishika kwamba binadamu ndiye mtendaji halisi wa matendo yake, kwani uadilifu wa Mungu haukubali kumwadhibu asiye na hiari. Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 746, alinasibishiwa kauli ya kinyume, kwamba mja hana uwezo wowote.

Abul-Hasan al-Ash'ari wa Basra, aliyewaacha Muutazila mwanzoni mwa karne ya 10, alifuata njia ya kati: Mungu huumba tendo, na mja hulichuma, akastahili kwalo thawabu au adhabu. Katika hoja zake, kutetemeka kwa mwenye homa na kwenda kwa mwenye kusudi zote ni harakati, lakini kila mtu hutambua nafsini mwake kwamba ile humlazimu na hii huikusudia. Waibadhi wa Omani na Zanzibar nao hukiri uumbaji wa Mungu pamoja na uchumaji wa mja. Kwa mafundisho haya, kuamini kadari hakumwondolei mja wajibu wa kujitahidi, kuomba dua na kutubia.