Skii juu ya Kilimanjaro, 1912

Hapa Ilembo, Mpanda, ukisema watu waliwahi kuteleza kwenye theluji Tanzania, watakucheka. Lakini ni kweli. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König, Wajerumani, walipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na wakati wa kushuka wakatumia skii, yaani zile mbao ndefu za kutelezea.

Mwaka huohuo Fritz Klute na Eduard Oehler walipiga picha za kuchorea ramani ya mlima. Barafu ilikuwa takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007, asilimia 85 ilikuwa imetoweka. Barafu iliyopewa jina la Furtwängler nayo inaisha. Bila ramani ile, hasara hii tungeipimaje?