Kabla ya Kupanda Ndege: Asili ya Ukaguzi wa Abiria

Abiria anayevua mkanda na kuweka simu yake kwenye trei mbele ya mashine ya eksirei, iwe Dar es Salaam au Dubai, mara nyingi huamini kwamba utaratibu huo ulizaliwa na mashambulio ya Septemba 2001. Wapo pia wanaodhani uliletwa na mashine zenyewe: zilipopatikana, ukaguzi ukafuata. Historia inayakataa yote mawili. Vigunduzi vya chuma vilikuwapo miaka kadhaa kabla ya kutumiwa kwa kila mtu, na uamuzi wa kuvitumia hivyo ulifikiwa kwa shingo upande, nchini Marekani, baada ya ndege nyingi kutekwa. Nafuu ililetwa na uamuzi huo: kumpekua kila msafiri bila kukisia nani mwema na nani mbaya, na kumtafutia vitu vichache tu vinavyoweza kuiangamiza au kuiteka ndege.

Tarehe 1 Mei 1961 ndege ya National Airlines iliyokuwa ikielekea Key West, Florida, ililazimishwa kutua Havana. Siku hizo mtu aliweza kukata tiketi, kusindikizwa na jamaa zake mpaka lango la kupandia, kisha akaingia ndegeni bila kuulizwa ana nini mfukoni. Kati ya 1968 na 1972 kukawa na matukio zaidi ya 130 ya utekaji au majaribio ya utekaji wa ndege za Marekani. Mwanzoni wengi wa watekaji walitaka kufika Kuba tu, na mashirika ya ndege yaliona heri kuwatii: ndege ilikwenda, abiria wakachelewa, ndege ikarudi. Kumsimamisha kila mteja na kufungua mkoba wake kulionekana hasara kubwa zaidi. Mashirika yalihofia gharama, foleni, na wateja ambao wangeona wanatendewa kama wezi. Hesabu hiyo ilikuwa ya kibiashara, lakini haikuwa ya kijinga, kwa sababu kwa muda mrefu abiria wengi mno walirudi nyumbani salama.

Mwaka 1969 ikajaribiwa njia ya kati. Mamlaka ya anga ya Marekani ilitunga orodha ya siri ya dalili za mtekaji, na Eastern Air Lines ikaanza kuitumia pamoja na vigunduzi vya chuma; aliyelingana na orodha ndiye aliyewekwa kando. Njia hii ilipendwa kwa kuwa haikuwasumbua wengi, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake: ilimtaka mtekaji wa kesho afanane na wa jana. Hawakufanana. Tarehe 24 Novemba 1971 mtu aliyejiita Dan Cooper, amevaa suti na tai, alisema ana bomu mkobani, akalipwa dola 200,000, akaruka kwa mwavuli usiku, na mpaka leo hajulikani ni nani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Novemba 1972, watu watatu waliiteka ndege ya Southern Airways, wakadai dola milioni 10 na kutishia kuiangusha juu ya kituo cha nyuklia cha Oak Ridge, Tennessee. Hapo hesabu ya zamani ikavunjika, maana waliokuwa hatarini hawakuwa tena abiria peke yao. Mwezi uliofuata ikatolewa amri ya dharura, na kuanzia 5 Januari 1973 ikawa lazima kila abiria na kila mzigo wa mkononi ukaguliwe. Mwaka huohuo mahakama ya rufani ikasema upekuzi huo unaweza kuwa halali mradi lengo lake ni silaha na vilipuzi, na mradi abiria asiyeutaka yuko huru kuacha kupanda.

Utekaji ulishuka ghafla mwaka 1973. Kuna pingamizi lenye uzito hapa: mnamo Februari Marekani na Kuba zilikubaliana kuwashtaki watekaji au kuwarudisha, kwa hiyo huenda sifa ni ya mapatano hayo. Yalisaidia, bila shaka, kwa kuziba pa kukimbilia. Lakini baada ya Cooper walizuka waigaji wake kadhaa, waliotaka fedha na kuruka kwa miavuli juu ya ardhi ya Marekani yenyewe. Kwa hao mapatano na Havana hayakuwa na maana yoyote, na wao pia wakatoweka.

Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipitisha kanuni za ulinzi kwa nchi wanachama, lakini kanuni hutegemea uwanja uliolegea kuliko vyote. Juni 1976 watekaji wanne waliipanda ndege ya Air France mjini Athens, wakaiteka, na mzigo wa utekaji huo ukaiangukia Entebbe, Uganda, uwanja ambao haukumpandisha hata mmoja wao. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania ilitekwa katika safari ya ndani, kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens mpaka Stansted, Uingereza, watekaji wakidai Rais Nyerere ajiuzulu.

Atakayesema ukaguzi hautoshi ana ushahidi mchungu zaidi katika bahari yetu. Tarehe 23 Novemba 1996 watu watatu waliiteka ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Walichukua shoka la zimamoto la ndege yenyewe na kudai chupa waliyoishika ni bomu, wakataka kupelekwa Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakumsikia. Ndege iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na Ngazija, na kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Mashambulio ya Septemba 2001 nayo yalitokea wakati visu vifupi vikiruhusiwa na kanuni. Matukio haya yanaonyesha mpaka wa ukaguzi, na jibu lake lilikuwa mlango imara wa chumba cha rubani. Hayathibitishi kwamba kukisia kungefanya vizuri zaidi.

Hata hivyo kukisia kulirudi. Januari 2010, baada ya jaribio la kulipua ndege iliyokuwa ikienda Detroit siku ya Krismasi, Marekani iliagiza raia wa nchi 14, zikiwamo Somalia, Sudan na Nigeria, wapekuliwe zaidi ya wengine. Mtu mwadilifu aligeuzwa mshukiwa kwa pasipoti yake. Agizo hilo halikumaliza hata nusu mwaka, Aprili liliachwa. Richard Reid, aliyepanda ndege ya Paris kwenda Miami mnamo Desemba 2001 akiwa na kilipuzi kiatuni, alikuwa raia wa Uingereza, nchi ambayo haikuwamo katika zile 14.