Je, Misukumo ya Neva Huimarishana? Historia ya Dhana na Istilahi Yake

1.0 Utangulizi

Istilahi ya kisayansi hubeba nadharia ya zama zilizoizaa. Makala hii inafuatilia dhana moja ya fiziolojia: vichocheo dhaifu vya neva vinapokutana huzaa mwitiko ambao hakuna hata kimoja kingeuzaa peke yake. Swali la msingi ni iwapo Kiswahili kinasema kweli kinapoeleza kwamba misukumo ya neva "huimarishana".

2.0 Njia, Jumla na Kumbukumbu

Mwaka 1882, Sigmund Exner wa Vienna alichapisha majaribio aliyofanya kwa sungura. Alichochea gamba la ubongo kwa umeme hafifu, na msuli wa mguu haukutikisika. Kichocheo hichohicho kilipotanguliwa na kingine kwenye unyayo, msuli ulijikunja. Exner aliliita tukio hilo Bahnung, neno la Kijerumani litokanalo na Bahn, yaani njia. Kichocheo cha kwanza kilikuwa kimekifyekea cha pili njia. Jina hilo halikudai kwamba msukumo wenyewe umeongezeka nguvu.

Katika kitabu chake cha mwaka 1906, Charles Sherrington alieleza tendo la kujikuna la mbwa ambaye uti wake wa mgongo umetenganishwa na ubongo. Vichocheo viwili hafifu kwenye sehemu mbili za ngozi, kila kimoja kikiwa hakitoshi, viliamsha tendo hilo vilipoletwa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vichocheo vilivyorudiwa harakaharaka mahali pamoja navyo vilifanya vivyo hivyo, haba na haba.

Hata hivyo, utafiti wa Cambridge ulizua utata. Mwaka 1926, Edgar Adrian na Yngve Zotterman walinasa misukumo ya uzi mmoja wa neva. Kichocheo kilipokolea, misukumo iliongezeka idadi, si ukubwa. Ikiwa msukumo haukui, ni kitu gani basi hujumlishwa?

Jibu lilipatikana mwaka 1951 huko Dunedin, New Zealand, John Eccles na wenzake walipopenyeza elektrodi ndani ya seli za neva za uti wa mgongo wa paka. Kila msukumo unaofika kwenye sinapsi huacha badiliko dogo la volteji katika seli inayoupokea. Mabadiliko hayo yakijumlishwa na kufikia kizingiti, seli hiyo hutoa msukumo wake yenyewe. Hapa methali ya kibaba hupwaya, kwa kuwa kibaba hutunza punje zake, ilhali badiliko hilo hufifia ndani ya milisekunde chache. Linalochelewa halikuti la kujumlishwa nalo.

Mwaka 1973, Timothy Bliss na Terje Lømo walichapisha majaribio yaliyofanywa Oslo, tena kwa sungura. Misukumo ya mfululizo wa kasi iliziacha sinapsi za hipokampasi zikiitikia kwa nguvu zaidi kwa saa kadhaa. Hapo palikuwa na uimarikaji wa kweli, lakini ulikuwa wa sinapsi.

3.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha dhana tatu zisizopaswa kufunikwa kwa neno moja. Inapendekezwa kwamba tukio la Exner liitwe "ufunguaji njia", la Sherrington na Eccles "mjumuiko", na la Bliss na Lømo "uimarikaji wa sinapsi". Mwanafunzi anayefundishwa kwamba misukumo huimarishana atatafuta msukumo mkubwa usiokuwepo, na kosa hilo halitakuwa lake bali la istilahi aliyopewa.