Sifa, Nafasi na Uwezekano: Kuipima Njia ya Udaktari Lubumbashi

Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyepata diploma ya serikali na anayetaka kusomea udaktari huulizwa na kila mtu, kuanzia mjomba hadi jirani: "Uko na shansi?" Neno hilo tumelitoa kwenye Kifaransa, na katika Kiswahili cha mji wetu limebeba mambo mawili yasiyofanana. Kuna bahati, ile ya kuombewa na kusubiriwa. Na kuna kipimo, yaani kati ya watu wengi wanaofanana na wewe, ni wangapi hufika unakotaka kufika. Cha kwanza hakina hesabu. Cha pili kinayo, na ndicho kinachohitaji jina lake.

Jina ninalolipendekeza ni uwezekano wa kudahiliwa. Kudahili, kwa maana ya kupokea mwanafunzi chuoni, ni neno la kila siku Tanzania. Kwetu wengi husema kuandikisha. Uwezekano nalo ndilo neno ambalo wanahisabati wa Kiswahili hulitumia kwa kile ambacho shule za Kongo hukifundisha kwa Kifaransa tu. Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kupiga hesabu ya dadu na karata ubaoni, lakini akirudi nyumbani, katika mitaa yetu ya Kenya au Katuba hapa Lubumbashi, na kuulizwa juu ya maisha yake, anarudi kwenye shansi.

Wengine wangependa tuseme "nafasi ya kudahiliwa". Ni Kiswahili kizuri, ila kina mtego. Nafasi ni kiti kilicho wazi, na nafasi ni fursa aliyonayo mtu. Chuo kikitangaza nafasi mia mbili, kisha mzazi akasema mwanawe ana nafasi kubwa, tumechanganya viti na matumaini. Viti mia mbili kwa waombaji mia tatu ni jambo moja. Viti hivyo hivyo kwa waombaji elfu nne ni jambo jingine kabisa. Tuiachie nafasi maana ya kiti.

Neno la tatu ni sifa, na hapa mfano wa Tanzania unasaidia kuliko wowote ninaoujua. Mwongozo wa udahili wa tume ya vyuo vikuu, TCU, hutaja kwa kila programu alama za chini na idadi ya nafasi. Kwa shahada ya udaktari, mwombaji wa kidato cha sita anatakiwa awe na fizikia, kemia na baiolojia, asishuke chini ya D katika somo lolote, jumla isiyopungua pointi 6. D ina pointi 2, kwa hiyo D tatu zinatosha kuwa na sifa. Lakini mwenye D tatu anayeomba chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, anasimama foleni moja na wenye A. Sifa inakuruhusu kuomba. Haisemi lolote kuhusu kupata. Nchi ya Kenya nayo hutofautisha hivyo hivyo: KUCCPS, inayowapangia wanafunzi vyuo, ina masharti ya kozi, halafu ina alama ya mwisho ya mwaka uliopita, yaani alama aliyoingia nayo mtu wa mwisho. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangaliwa.

Marekani mambo yamesogezwa mbele zaidi. Huko mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, akichukua masomo ya msingi ya udaktari, kisha anafanya mtihani wa MCAT ndipo aombe shule ya udaktari. Katika mwaka wa 2023 waliomba zaidi ya watu 52,000, wakaingia karibu 23,000. Mwombaji wa huko anaweza kuitazama alama yake na kujua mapema anasimama wapi.

Sasa turudi kwetu, ambako mlango wenyewe umewekwa mahali pengine. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa mwaka 1955 kama Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo na Ruanda-Urundi, kwa mfano wa Kibelgiji: mwenye diploma ya sekondari anaandikishwa, na kuchuja kunaanza baada ya masomo kuanza. Mtihani wa serikali, ambao wengi huuita egzeta, umekuwepo tangu miaka ya 1960, na mstari wake wa kupita ni asilimia 50. Siku matokeo yanapotoka, waliopita hupakwa unga mweupe kichwani na mtaa mzima unajua. Lakini unga huo ni sherehe ya sifa. Uwezekano bado haujaanza kupimwa.

Kipimo chenyewe kiko mwaka wa kwanza, ndani ya auditwari, ukumbi wa mihadhara, iliyojaa mpaka wengine wanaandika wakiwa wamesimama. Hicho ndicho ninachokiita mchujo, na nakitenga na udahili kwa makusudi. Dar es Salaam mchujo mkubwa hutangulia udahili. Lubumbashi kwa kawaida huufuata, hata pale kitivo kinapoweka jaribio la kuingilia. Wabelgiji wenyewe waliuacha utaratibu huo: Flandria iliweka mtihani wa kuingilia udaktari mwaka 1997, na upande wa wanaosema Kifaransa ukafuata mwaka 2017. Sisi tumebaki na mlango mpana na ngazi nyembamba. Binafsi sioni kuwa ni ukarimu. Familia inalipa minervali, yaani ada ya chuo, ya mwaka mzima, na mara nyingi wa pili, ili kununua jibu ambalo kwingineko hupatikana kabla ya kulipa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa hapa asijiulize, "Nitapokelewa?" Ajiulize ana uwezekano gani wa kuvuka mwaka wa kwanza. Na asiridhike na wastani wa darasa zima. Tuseme wameandikishwa 600 na wamepita 150. Hiyo ni asilimia 25. Ndani ya hao 600 tuseme 200 walisoma baiolojia na kemia sekondari, na 100 kati yao wakapita. Kwa aliyetoka huko uwezekano ni asilimia 50. Kwa waliotoka biashara au ualimu, ambao wanaikuta kemia kama lugha ngeni, ni 50 kati ya 400, asilimia 12 na nusu. Wanahisabati huuita huo uwezekano wenye masharti: hesabu ni ya watu wa aina yako, si ya umati.

Namba zangu ni za kufundishia. Za kweli zimebandikwa hadharani. Kila baada ya kikao cha walimu, majina hutundikwa kwenye mbao za matangazo, ambazo wanafunzi wetu huziita valve. Kabla ya kulipa, nenda kitivoni, hesabu majina ya waliopita mwaka wa kwanza, uliza walioandikishwa walikuwa wangapi, kisha watafute waliotoka kwenye shule na mchepuo kama wako. Ukikuta ni wachache mno, pima pia taasisi ya ufundi wa tiba, ISTM, inayofundisha uuguzi na maabara. Lakini piga hesabu hiyo mwezi wa kujiandikisha, si mwezi wa matokeo.