Rudolph wa Pua Nyekundu: Wimbo Huu wa Krismasi Ulitoka Wapi?

Mpenzi msikilizaji, kila Desemba tukiucheza wimbo wa Rudolph, maswali hayakosekani: huyu Rudolph ni nani, na ametajwa wapi kwenye Biblia?

Tuanze na hilo la pili: kwenye Biblia hayumo. Rudolph ni mnyama wa hadithi, aliyetungwa mwaka 1939 katika mji wa Chicago, Marekani. Ni wa jamii ya kulungu wanaoishi nchi za baridi kali, ambako watu huwafuga na kuwafunga kwenye magari yasiyo na magurudumu, yanayoburutwa juu ya theluji. Shairi la Kimarekani la mwaka 1823 lilikuwa limeshawataja wanyama wanane wanaovuta gari la Baba Krismasi. Rudolph akaja kuwa wa tisa.

Kampuni ya maduka ya Montgomery Ward ilikuwa ikiwagawia watoto vitabu kila Krismasi. Ili kupunguza gharama, iliamua kutengeneza kitabu chake yenyewe. Kazi alipewa Robert May, mwandishi wa matangazo ya bidhaa.

Nyumbani kwa May hali ilikuwa ngumu. Mkewe, Evelyn, alikuwa anaugua saratani, na matibabu yalimwachia madeni. May mwenyewe utotoni alikuwa na umbo dogo, akataniwa sana na wenzake. Basi akatunga hadithi ya mnyama anayechekwa kwa sababu pua yake ni nyekundu na inang'aa. Usiku mmoja ukungu unatanda, Baba Krismasi haoni njia, na pua ile ile iliyochekwa inakuwa taa ya msafara.

Wakubwa wa kampuni walisita, wakihofu kwamba pua nyekundu ingewakumbusha watu walevi. May akampeleka mchoraji, Denver Gillen, kwenye bustani ya wanyama ya Lincoln Park. Michoro yake ikawaridhisha.

Julai 1939 Evelyn akafariki. Mkuu wake wa kazi alitaka kumpa mtu mwingine kazi hiyo, lakini May alikataa. Mwezi Agosti aliimaliza, akamsomea binti yake mdogo, Barbara. Krismasi hiyo nakala zaidi ya milioni 2 ziligawiwa bure.

Hadithi ilikuwa mali ya kampuni, hivyo May hakutajirika. Mwaka 1947 kampuni ikamkabidhi haki zake zote. Shemeji yake, Johnny Marks, mume wa dada yake, ndiye aliyetunga wimbo. Gene Autry aliurekodi mwaka 1949, ukapanda hadi nafasi ya kwanza Marekani.

Kwa hiyo, msikilizaji, utakapousikia tena, mkumbuke mjane aliyekuwa akifiwa huku akiandika hadithi ya kuwafurahisha watoto wa wenzake. Na yule mtoto anayetaniwa kijijini kwako, msimulie habari za Rudolph.