Nuru na Njia za Nyika

Safari ya nyikani haitaki kubahatisha. Tangu zamani wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera walihama na ngamia wao kutoka kisima hata kisima, na aliyekosea kuchagua njia alipoteza mifugo. Makambi ya wakimbizi yalipoanzishwa Dadaab mwaka 1991, uchaguzi huo ulizidi uzito, kwani chakula kilitoka bandari ya Mombasa kwa malori, na wenye njaa walikuwa wengi.

Pengine msomaji atadhani kuwa kuchagua njia ni jambo jepesi. Sivyo. Lori la maji likiwa na vituo 10, taratibu za kuvizungukia ni 3,628,800. Vikiwa 20, ni 2,432,902,008,176,640,000. Mashine ipimayo taratibu milioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 77,000 kuzimaliza, na mwenye kiu hawezi kungoja hata juma moja.

Mwaka 1954 Dantzig, Fulkerson na Johnson wa Marekani walipata njia fupi kuliko zote ya kuzungukia miji 49, bila ya kupima kila njia. Lakini yako mafumbo mengine yaliyoushinda werevu wa namna hiyo, na wataalamu wakageukia nuru.

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kuwa nuru huja kwa vipande vidogo, ambavyo leo huitwa fotoni. Vipande hivyo ndivyo vizaavyo umeme katika kituo cha jua cha Garissa, kilichofunguliwa mwaka 2019. Fotoni ikikuta kioo kipitishacho nusu ya nuru, huenda kama wimbi katika njia mbili pamoja. Njia hizo zikikutana tena, hutiana nguvu au hufutana. Tumaini ni kuvipanga vioo hata majibu mabaya yafutane, mema yabaki.

Mwaka 2020 wataalamu wa Hefei, China, walitangaza mashine ya namna hiyo, Jiuzhang, iliyopima hadi fotoni 76. Lakini ilipewa kazi ya kuijaribu nguvu yake, si ya kutafuta njia za malori. Na mpaka leo haijathibitishwa kuwa nuru huzishinda kompyuta za kawaida katika mafumbo hayo.

Mwaka 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garissa, na njia iliyokuwa fupi ikawa si njia tena. Hesabu huanza kwa habari za watu waijuao nchi. Tena, njia bora ni ipi: itumiayo mafuta machache, au ifikayo kwanza penye kiu kubwa? Hapo hapana budi mtu aamue mwenyewe, kisha mashine ihesabu.