Neno kwa Neno: Akida si liwali

Barazani Chiungutwa nimesikia akida wa Mjerumani akiitwa liwali. Sivyo, jamani! Liwali, Kiarabu al-wali, ni mtu wa mji: alitawala bandari kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, na Wajerumani walipoishika pwani wakaendelea kumtumia hukohuko. Akida asili yake ni mkuu wa askari. Mjerumani alimpa eneo la vijiji, mara nyingi akimchagua Mwislamu wa pwani ajuaye kuandika, awabane majumbe, yaani wakuu wa vijiji, na kukusanya kodi. Ndiyo maana vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipozuka 1905, akida wa Kibata alishambuliwa mapema. Ile akida ya darasa za msikitini, yaani itikadi, ni neno jingine, ingawa maneno hayo yanachangia mzizi.